TFF, tujengeeni timu ya taifa ya wenye mtindio wa ubongo

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako nizungumze na viongozi wetu wa mpira, na pia na wazazi ambao huenda wanasoma ukurasa wa michezo huku mtoto wao amefungiwa ndani. Siku hizi ukifungua gazeti au redio, habari ni AFCON ya 2027 itakayochezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda. Viwanja vinajengwa, vingine vinakarabatiwa, na mimi mpenda mpira nafurahi kama Watanzania wengine. Lakini ipo timu ya taifa ambayo uwanja wa kuichezea upo tayari karibu kila kata, na wachezaji wake wapo tayari karibu kila mtaa. Naomba tuijenge kwa nguvu zetu zote. Ni timu ya mpira wa miguu ya watu wenye mtindio wa ubongo, yaani wale ambao ubongo wao uliumia na mwili hautii amri vizuri.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Morogoro. Sehemu kubwa ya wagonjwa wangu ni watoto, na katika watoto hao wengi wana mtindio wa ubongo. Jumamosi jioni nakutana na baadhi yao, waliokwisha kukua, kwenye uwanja wa shule ya msingi tuliouomba, tunacheza. Kwa hiyo ninayoandika ni mambo ninayoyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono.

Kwanza mchezo wenyewe, maana nikiutaja watu wanadhani ni michezo ya kuwafariji watoto siku ya sherehe. Ni mpira wa ushindani. Ulichezwa kimataifa kwa mara ya kwanza mwaka 1978, Edinburgh, Uskoti, na mwaka 1984 ukaingia kwenye Michezo ya Paralimpiki. Kila upande una wachezaji saba. Kipindi kimoja ni dakika 30. Uwanja ni mita 70 kwa 50, goli lina upana wa mita 5 na kimo cha mita 2. Hakuna kuotea. Mpira ukitoka nje unaruhusiwa kuuviringisha kwa mkono mmoja badala ya kuurusha kwa mikono miwili juu ya kichwa, kwa kuwa wachezaji wengi wana mkono mmoja usiotii. Yaliyobaki ni mpira uleule tunaoujua, wenye kona, penalti, kadi na makelele ya kumlalamikia refa.

Ila kuna sheria moja ambayo ndiyo imenifanya nishike kalamu. Kabla ya mashindano kila mchezaji hupimwa na kupangiwa daraja. Madaraja ni matatu: FT1, FT2 na FT3. FT1 ndio walioathirika zaidi. Huyu miguu yote miwili imekaza, yule mwili unajinyonganyonga wenyewe bila yeye kutaka, mwingine anayumba akigeuka ghafla. FT3 ni wale ambao ukikutana nao stendi hutajua kama wana tatizo lolote. Sasa sheria inasema hivi: muda wote wa mchezo, timu iwe na angalau FT1 mmoja uwanjani, na FT3 asizidi mmoja. Kocha asiye na FT1 anacheza pungufu, watu sita.

Naomba msomaji asiipite haraka sheria hiyo. Sisi wote tumekulia kwenye chandimu. Manahodha wawili wanasimama, wanachagua mmoja mmoja, na yule anayeburuta mguu anabaki wa mwisho. Akibahatika anaambiwa akae golini. Asipobahatika anakuwa wa kuokota mipira ikiingia mtaroni, na mwisho anaacha kuja. Katika mpira huu wa saba, mtoto huyohuyo ndiye ambaye kocha wa taifa hawezi kuandika kikosi bila jina lake. Brazil haiwezi. Uingereza haiwezi. Ukiwa na vijana sita wenye mbio na chenga, na huna yeye, unaingia uwanjani umeshapungukiwa kabla filimbi haijalia.

Nimeona sheria hiyo inavyofanya kazi hapahapa kwetu. Tunaye kijana mmoja anayetoka Kihonda. Miguu yake yote miwili imekaza, akikimbia magoti yanasuguana, na akitaka kusimama inabidi apige hatua kadhaa za ziada kwanza. Mwanzoni wenzake hawakuwa wakimpa pasi. Hawakuwa na chuki naye, walikuwa wakimwona lakini macho yanampita kutafuta mwingine. Siku moja niliwakalisha chini ya mwembe nikawasomea sheria ya FT1, nikawaambia kwamba tukialikwa popote duniani, bila huyu tunacheza sita. Jumamosi iliyofuata nilikuta wanabishana nani atacheza upande wake. Walikwishagundua wenyewe kwamba anapiga mpira mzito akiwa amesimama, kwa hiyo wakaanza kumtengea faulo. Sasa yeye ndiye mpiga faulo wetu, na amekuwa mkali, ukichelewa kupanga ukuta anakugombeza.

Na yupo mwingine wa Mwembesongo, ambaye ulemavu wake uko upande mmoja, mkono na mguu wa kulia. Mguu ule unakanyagia vidole, kisigino hakigusi chini vizuri. Mpira ukija upande wa kulia hausimamishi kwa ndani ya mguu kama makocha wanavyofundisha, maana kifundo chake hakikunjiki. Anauacha upite kidogo, anageuza nyonga, kisha anaukanyaga kwa soli ya mguu wa kushoto. Beki aliyezoea kuona mpira ukitulizwa mapema anajirusha mapema, anapitwa. Hakufundishwa na mtu. Mwili wake ulitafuta njia, ukaipata. Ukitaka kujua anavyocheza tazama viatu vyake: cha kulia kimeliwa pale mbele mpaka kidole kinachungulia, cha kushoto bado kina meno yote. Mama yake anavinunua mtumba na fundi viatu anakigongelea kipande cha tairi mbele, cha kulia peke yake.

Jambo jingine ambalo mtu asiyekaa nao hawezi kulijua ni filimbi. Kwa wengi wao sauti ya ghafla karibu na sikio inaukaza mwili mzima, mikono inapanda juu, na mtu anaweza kuanguka bila kuguswa. Ndugu anayetuchezeshea, ambaye ni refa wa ligi ya wilaya, amejifunza kusogea pembeni kabla ya kupuliza, na kuinua mkono kwanza ili wamwone. Hakuna kitabu alichokisoma. Alikuja mara chache, akaangalia, akabadilika. Nikisikia mtu anasema hatuna waamuzi wa mchezo huu, namkumbuka yeye.

Sasa nirudi chumbani kwangu cha mazoezi, kwa sababu huko ndiko timu ya taifa inakotakiwa kuanzia.

Kwetu mtindio wa ubongo unaanza mara nyingi kwenye uzazi. Uchungu umekuwa mrefu, mtoto amezaliwa akachelewa kulia, ubongo umekosa hewa. Wengine walipata manjano kali siku za mwanzo na haikutibiwa kwa wakati. Hao ndio mara nyingi miili inajinyonganyonga. Wengine walizaliwa wazima wakapata malaria ya kichwa au homa ya uti wa mgongo. Jeraha la ubongo likishatokea haliongezeki. Kinachoongezeka ni madhara yake, kwa sababu mfupa wa mtoto unarefuka na msuli uliokaza hauufuati. Bila mazoezi, mtoto aliyekuwa akitembea na miaka saba anaweza kushindwa akifika kumi na nne.

Na hapo ndipo tunapowapoteza. Mtoto akiwa mdogo mama anambeba mgongoni kwa kanga, anapanda daladala, anakuja kliniki. Akifika miaka mitano, sita, amekuwa mzito. Mama mmoja aliniambia, "Dokta, mgongo wangu umekwisha, na baba yake anasema tumezunguka sana, tumwachie Mungu." Simlaumu hata kidogo. Nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha siku, na mimi ninachompa ni kunyoosha miguu ya mtoto kwenye mkeka na kumwambia akaendelee nyumbani. Mtoto mwenyewe anachukia mazoezi, yanauma na yanachosha. Anaacha kuja. Jina linabaki kwenye daftari langu.

Nilipoanza kutumia mpira, mambo yakabadilika. Mtoto ambaye hataki kunyoosha kifundo akiwa amelala atakinyoosha bila kuambiwa akitaka kupiga penalti. Atageuka, atachuchumaa, atainuka, atakimbia kinyumenyume, yaani kila nilichokuwa namwomba kwenye mkeka, na kesho yake anauliza Jumamosi ni lini. Lakini kadiri anavyokua, anaanza kuuliza swali zito zaidi. Anauliza, mwisho wake nini? Kijana mzima wa Morogoro akicheza vizuri anajua kuna ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, kuna watu wanakuja kutazama ndondo, kuna Simba na Yanga, kuna Taifa Stars. Yule wa kwangu anacheza vizuri kuelekea wapi? Timu ya taifa ndiyo jibu la swali hilo. Jezi ile ikiwepo, hata kama watakaoivaa ni kumi na nne tu nchi nzima, mtoto wa kliniki ya Tabora au Lindi atakuwa na kitu cha kukilenga, na baba yake atakuwa na sababu ya kutoa nauli.

Nisisahau kundi jingine. Mchezo huu si wa waliozaliwa na tatizo peke yao. Wanaoruhusiwa ni pamoja na waliopata kiharusi na walioumia kichwa. Jack Rutter, aliyekuwa nahodha wa Uingereza kwenye Paralimpiki ya Rio 2016, alikuwa kijana wa akademi ya Birmingham City mpaka alipopigwa ngumi akaumia ubongo. Aliyekuwa akielekea kuwa mwanasoka wa kulipwa alirudi uwanjani kupitia mlango huu. Sasa tujiulize sisi, katika nchi hii ya bodaboda, tuna vijana wangapi waliokuwa wakicheza mpira vizuri, wakaanguka bila kofia, wakatoka wodini upande mmoja ukiwa mzito? Nawapokea kila mara. Wanajifunza kutembea, wanarudi nyumbani, wanakaa kwenye benchi nje ya duka wanatazama wenzao wakicheza. Miguu yao bado inakumbuka mpira. Hakuna aliyewaambia kwamba kuna mpira unaowasubiri.

Watu wawili watatu niliowaeleza haya waliniuliza kama vijana wangu hawawezi kuingia Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya waliokatwa viungo. Naiheshimu sana Tembo Warriors. Mwaka 2021 Dar es Salaam ilipokea mashindano ya Afrika ya waliokatwa viungo, vijana wetu wakapata tiketi ya Kombe la Dunia, na mwaka 2022 kule Uturuki wakafika robo fainali. Nchi nzima iliona kwamba mtu anaweza kukimbia kwa magongo na kufunga bao. Lakini ule ni mchezo mwingine. Kule mchezaji anakosa mguu na ubongo wake unaamuru mwili vizuri. Huku viungo vyote vipo, amri ndiyo inayofika imechelewa au imepotoka. Sheria ni tofauti, vipimo ni tofauti, mazoezi ni tofauti. Wengine wananielekeza kwenye michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, wakidhani mtoto akiongea kwa shida basi na akili yake ina shida. Huyu mpiga faulo wetu maneno yake yanachelewa kutoka mpaka wageni wanammalizia sentensi, na darasani anawafundisha wenzake hesabu.

Tembo Warriors inatufundisha jambo moja kubwa, kwamba timu ya aina hii inawezekana Tanzania. Walianza watu wachache wenye nia, wakapata chama, wakapata kocha, serikali ikaona, mashabiki wakaja. Njia ile ile ipo.

Niseme sasa kuhusu dunia, maana hapo tuna deni. Mashindano ya Rio 2016 yalikuwa na timu nane. Fainali ilikuwa Ukraine na Iran. Nilikuja kuitazama baadaye kwenye simu, nikawaonyesha vijana wangu, tukiwa tumejazana kwenye kioo kidogo. Ukraine ilishinda 2-1 katika muda wa nyongeza. Ukraine hiyohiyo ilikuwa imechukua dhahabu Athens 2004 na Beijing 2008. Si nchi tajiri kuliko Marekani wala Uholanzi ambazo nazo zinacheza. Siri yake ni kwamba ina utaratibu wa serikali unaoitwa Invasport, wenye kituo cha michezo ya watu wenye ulemavu katika kila mkoa. Mtoto anapatikana karibu na kwao, anapimwa, anaanza kucheza, na timu ya taifa inavuna kilichopandwa mikoani.

Rio ndiyo ikawa mara ya mwisho. Januari 2015 Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki ilikwishaamua kwamba mpira wa saba hautakuwepo Tokyo 2020, kwa sababu haukukidhi kigezo cha kuenea duniani. Nchi zinazocheza hazikutosha. Haukuwepo Tokyo, haukuwepo Paris 2024. Nilipoisoma sababu hiyo iliniumiza, kwa kuwa nchi zilizokosekana kwenye hesabu ni nchi kama yetu. Vijana wa Ukraine na Iran walinyang'anywa Paralimpiki kwa sehemu kwa sababu wewe na mimi, wenye watoto wengi wa aina hii kuliko wao, hatukuunda timu. Mchezo haujafa. Tangu 2015 una shirikisho lake la kimataifa, una Kombe la Dunia lake, na unapigania kurudi. Kila nchi ya Afrika inayosimamisha timu na kuisajili inasaidia kuurudisha. Tukiingia sasa tutakuwa miongoni mwa waliourudisha, na hilo lina heshima yake.

Na wasichana? Mama wa binti mmoja wa Mafiga ameniuliza hivyo mbele ya watu. Kombe la Dunia la kwanza la wanawake lilichezwa Salou, Hispania, mwaka 2022. Marekani iliifunga Australia kwenye fainali. Timu hiyo ya Australia inaitwa ParaMatildas, na ilikuwa imeundwa mwaka huohuo. Imeundwa na kufika fainali ndani ya mwaka mmoja! Nchi ambayo Twiga Stars wake wamefika walikofika haina sababu ya kuwaacha mabinti hawa nje.

Australia ina somo jingine. Timu yao ya wanaume, Pararoos, ilipoteza ruzuku ya serikali mwaka 2014. Ingeweza kufa. Shirikisho lao la mpira likaishika na kuwaomba wananchi wachange, na watu wa kawaida wakachanga. Novemba 2019 timu ikacheza nyumbani, Sydney, dhidi ya Canada, mara ya kwanza nyumbani tangu Paralimpiki ya mwaka 2000. Kinachonigusa katika habari hiyo ni kwamba shirikisho la mpira lilisema timu hii ni yetu. Halikusema ni ya wizara ya afya, wala ya wafadhili, wala ya kina mama wanaolia. Jezi ni ileile wanayovaa wale wengine.

Ndilo ninaloomba kwa TFF. Naomba dawati, na mtu mmoja mwenye jina na simu ambaye mwalimu wa Kilosa au nesi wa Nzega akiwa na mtoto anaweza kumpigia. Kwa Baraza la Michezo la Taifa naomba mchezo huu utambuliwe na kupewa nafasi kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, kwa sababu huko ndiko vipaji vya nchi hii vinakoonekana. Mwalimu wa michezo akijua kwamba kuna kombe la kugombea, yeye mwenyewe atawatafuta watoto madarasani na majumbani.

Kwa wenzangu wa fani yangu nina neno pia. Wachezaji hupimwa na jopo lenye mtaalamu wa tiba na mtaalamu wa mchezo. Wanamwangalia mtu akiwa kitandani, wanampima misuli na viungo, kisha wanamtazama akikimbia na kugeuka na mpira, kisha wanamtazama kwenye mechi. Kazi hiyo ni yetu. Tunafundishwa KCMC na Muhimbili kupima ukakamavu wa msuli kila siku ya Mungu. Kinachokosekana ni kozi ya madaraja, ambayo wachache wetu wakipelekwa wanaweza kuja kuwafundisha wengine. Na mafundi wetu wa viungo bandia na visaidizi, wanaosomea TATCOT pale Moshi, wanajua kutengeneza kifaa cha kushika kifundo kuliko mtu yeyote wa ukanda huu. Tuna watu. Hatujawaita pamoja.

Najua yupo atakayesema kuna mambo ya maana zaidi: watoto hawa hawana viti mwendo, hawana dawa za kifafa, hawana shule inayowapokea, na wewe unazungumzia mpira. Hoja hiyo naijua vizuri, maana viti mwendo hivyo mimi ndiye ninayeviombea na dawa hizo mimi ndiye ninayeona zinapokwisha. Na ni kweli kwamba wengi wa watoto wangu hawatacheza kamwe, kwa sababu mchezo huu ni wa wanaoweza kutembea na kukimbia bila msaada. Lakini nimeona kitu. Tulipoanza kucheza pale shuleni, watu wa mtaani walikuja kutazama, kwanza kwa mshangao, baadaye kwa ushabiki. Mzee mmoja ambaye hakosi, anayekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na kona, siku moja alinifuata baada ya mchezo akasema anaye mjukuu ndani, ana miaka kumi na moja, hajawahi kupelekwa hospitali tangu alipokuwa mchanga. Mjukuu huyo hawezi kucheza mpira, hatembei. Sasa ana kiti, anakuja kliniki, na mwaka huu ameandikishwa shule. Hakuna tangazo la afya lililomtoa ndani mtoto yule. Babu yake aliona vijana wanaofanana naye wakishangiliwa.

Timu ya taifa itafanya hivyo nchi nzima kwa jioni moja ya mechi kwenye televisheni. Gharama yake ni ndogo kuliko inavyofikiriwa. Sisi hapa tuna mipira mitatu, koni tulizokata kwenye madumu, na jezi alizotupa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ambaye hataki atajwe. Tatizo letu kubwa ni nauli za wachezaji na chai baada ya mchezo. Halmashauri zinatenga mikopo kwa ajili ya watu wenye ulemavu, makampuni yanatafuta mahali pa kuweka nembo zao, klabu kubwa zina siku zao za kusherehekea na mashabiki wao. Nusu saa kabla ya mechi kubwa, wapeni vijana hawa nusu ya uwanja wacheze mbele ya watu. Siku ya Mtindio wa Ubongo Duniani ni Oktoba 6 kila mwaka. Tarehe hiyo inatosha kuwa mwanzo.

Kwa kocha yeyote wa TFF atakayesoma barua hii, tunacheza Jumamosi saa kumi jioni, na hapa Morogoro ukiuliza wanapocheza watoto wa fiziotherapia utaonyeshwa. Njoo umwone mpiga faulo wetu. Kwa mzazi wa Kilakala, Kihonda, Mafiga au popote mlipo karibu, mwenye kijana au binti anayetembea mwenyewe, hata kama anatembea kwa kuyumba, hata kama anaanguka mara kwa mara: mlete. Na kama ni ndugu yako aliyeumia kichwa kwenye ajali au aliyepata kiharusi akiwa bado kijana, mwambie naye aje. Hatutozi chochote. Aje na maji ya kunywa, na viatu vyovyote alivyonavyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtaalamu wa fiziotherapia,
Morogoro